Sindano ya Umuhoza

Shirika lililomfundisha Katungu kuuguza wagonjwa wa akili lilimwachia vitu viwili: cheti chenye jina lake lililokosewa, na kizibao cha rangi ya machungwa kilichoandikwa SANTÉ MENTALE, yaani afya ya akili, mgongoni, kwa herufi ambazo hata mtu mwenye mtoto wa jicho angezisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha shirika likafunga virago. Ilisemekana wafadhili wamepata vita vingine, mahali pengine, vyenye picha nzuri zaidi. Wagonjwa, wao, walibaki palepale.

Naye Katungu alibaki nao. Mtaa mzima wa Majengo, mjini Goma, pamoja na wakimbizi waliojazana humo tangu vita viliposhuka kwenye barabara ya Rutshuru, ulikuwa na muuguzi mmoja tu wa vichwa vilivyochoka, na muuguzi huyo hakuwa na chumba. Alipewa kile cha kupimia watoto uzito, siku ambazo hakuna mtoto wa kupimwa. Dawa zilikuja zilipotaka. Daktari wa kumuuliza neno hakuwepo. Wenzake kituoni walimwita Mama ya Bichaa, yaani mama wa vichaa, kwa utani wa kawaida wa kazini, naye alicheka nao, kwa sababu asiyecheka angekula peke yake saa sita mchana. Hata hivyo, mara nyingi alikula peke yake.

Jioni alirudi Keshero, kwenye chumba cha mbao alichopanga, akawasha makaa na kupika chakula cha mtu mmoja. Hiyo ni kazi ngumu kwa mwanamke aliyelelewa upande wa Beni, katika nyumba ya sufuria kubwa. Miaka ilikuwa imepita na bado alikuwa akizidisha unga.

Kati ya wagonjwa wake wote, aliyemfurahisha na kumtia hofu kwa pamoja alikuwa Umuhoza. Alimkuta kwenye chumba cha maombi nyuma ya kanisa moja dogo la mbao, amefungwa kamba ya mbuzi kwenye nguzo, akiongea na watu waliobaki Kibumba, kijiji walichokikimbia, ambao wengi wao walikuwa wamekufa. Kamba ilikuwa imekula ngozi ya kifundo cha mguu. Pembeni aliketi mama yake, Léoncie, aliyekuwa mkunga wa kijiji kule Kibumba. Mikono iliyopokea watoto wa watu sasa ilikuwa imekunjwa mapajani, haina la kufanya. Katungu alibembeleza, akagombana na mchungaji, akafukuzwa, akarudi. Mwishowe Léoncie alikubali sindano, moja kila mwezi, bila kukosa.

Na sindano ilifanya kazi yake. Umuhoza aliacha kuongea na wasiokuwepo. Alioga mwenyewe, akacheka palipokuwa na la kuchekesha, akaanza kujifunza ushonaji. Siku Katungu alipomkuta akigombania bei ya uzi na mchuuzi, akimwita mwizi mbele ya watu kama binti yeyote mwenye akili zake, alitoka akalia kwa furaha nyuma ya choo cha jirani, maana hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Lakini mwanzoni haikuwa rahisi kuingia nyumbani kwa Léoncie. Mara ya kwanza alipokwenda, Katungu, kwa kutojua au kwa ujinga tu, alivaa kile kizibao. Watoto wa mtaa walimfuata toka kona ya kwanza wakiimba, "Munganga ya bichaa, anaingia kwa nani? Anaingia kwa nani?" Léoncie akamfungia mlango usoni. Alipomfungulia baadaye, watoto walipokwisha kutawanyika, aliongea kwa sauti ya chini.

"Siku batu batajua, usirudi tena hapa. Nitamurudisha ku maombi."

"Ku kamba, mama?"

"Ku kamba. Afazali bamuite mwenye pepo. Pepo inatokaka. Jina ya kichaa haitoke."

Katungu alielewa kwamba mwanamke yule hakuwa akitishia tu. Angefanya hivyo, tena kwa mapenzi. Basi mwezi uliofuata alikiacha kizibao kwenye msumari, akachukua stoo kisanduku cha buluu cha kubebea chanjo kilichovunjika bawaba, ambacho Célestin, mkuu wa kituo, alikuwa amekitupa. Mjini Goma kila mtu anakijua kisanduku kile. Ukimwona mwanamke amekitundika begani, unajua anatafuta watoto wa kuchanja. Unamsalimia, unaendelea kufua. Kwa Léoncie walikuwepo wajukuu wadogo, waliotosha kueleza kila ziara. Ndani ya kisanduku Katungu alitia pamba, bomba la sindano na kichupa kimoja, akafunga kifuniko kwa kamba, na akapita Majengo mchana kweupe.

Uongo huo ulimpa raha kuliko alivyopenda kukiri. Wamama walimwita wampe kiti. Hakuna aliyeimba nyuma yake.

Kisha akatokea Paul. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, kijana mpole wa Keshero mwenye duka la vipuri vya pikipiki, na alimpenda Umuhoza bila kujificha. Wazee wa pande zote mbili walikutana, mahari ikazungumzwa, siku ikawekwa. Katungu alimwambia Léoncie kwamba kijana anastahili kuambiwa. Léoncie alimtazama kama mtu aliyependekeza wachome nyumba.

"Nitamwambia miye mwenyewe," Umuhoza alisema toka kwenye cherehani, "lakini kwa wakati yangu."

"Wakati yako ni kisha ya ndoa," mama yake akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mwaka huohuo ukaingia ugonjwa wa mpox. Vipele vilianzia kambini kwa wakimbizi, kwenye mahema yaliyobanana juu ya mawe meusi, vikaingia mjini. Upande wa Sake mizinga ilinguruma kila asubuhi, na watu walikuwa wameizoea, lakini vipele hawakuvizoea. Redio ilisema chanjo imefika. Ilikuwa imefika kweli, kidogo, kwa wauguzi na kwa mitaa michache iliyochaguliwa na watu ambao hawakai Majengo. Na katika Majengo yote watu walimjua mwanamke mmoja tu aliyepita kila mwezi na kisanduku cha buluu, akaingia nyumba moja, akatoka, akaenda zake.

Hapo ndipo Katungu alipopaswa kukiacha kisanduku. Mtu yeyote mwenye mtu wa kushauriana naye angekiacha. Alijaribu kumweleza Célestin, lakini Célestin alikuwa na wagonjwa wa mpox hadi uani.

"Mambo ya nyumba kwa nyumba achana nayo, Katungu," alisema bila kuinua uso. "Bakuye huku."

Kituoni wasingekuja; Léoncie asingemleta binti yake apite mbele ya benchi la wagonjwa, majirani wote wakitazama. Na kwenda bila kisanduku, baada ya kuonekana nacho muda wote ule, kungewafanya watu waulize leo amefuata nini. Alijizungusha na fikra hizo peke yake, akapika, akazidisha unga, akalala. Siku ya sindano ilipofika alikitundika begani kama kawaida.

Walimngoja mlangoni kwa Léoncie.

Hawakuwa wahuni. Angewaweza wahuni. Walikuwa wamama wa mtaa, wengine aliowajua kwa majina ya watoto wao, na mbele yao alisimama Kaswera, muuza makaa, mtu wa Butembo, ambaye siku zote walisalimiana kwa Kinande, lugha ya kwao, na ambaye zaidi ya mara moja alimwongezea makaa bure. Mgongoni alikuwa amemfunga mtoto. Shavu la mtoto lilikuwa na vipele vinene, vyeupe nchani.

"Munganga," Kaswera alisema, na hakutumia Kinande, ili wote wasikie. "Sababu ya nini unapita tu ku mulango yangu?"

"Mama Kaswera, acha nikueleze."

"Kila mwezi unaingia humu. Kwa batu ba Kibumba. Bao banachanjwa, sisi tunaoza. Na weye ni mutu wa kwetu."

Kundi likaguna. Neno hilo la batu ba Kibumba lilimshtua Katungu. Katika mji ule, mwaka ule, lilikuwa neno lenye moto, maana waliotoka upande ule walidhaniwa kuwa wa adui, na nyumba ya Léoncie ilikuwa ya mbao. Aliona pazia la dirishani likitikisika kidogo. Umuhoza alikuwa ndani, nyuma ya pazia hilo, anasikia.

"Siko na chanjo," alisema. "Ningekuwa nayo, mutoto yako angekuwa wa kwanza."

"Fungua."

Muzee Namegabe, fundi viatu mwenye kibanda kando ya nyumba ile, alikuwa ameacha kazi akaja polepole na nyundo mkononi. Aliitia mfukoni alipoona inavyotazamwa. "Fungua tu, mama," alisema. "Ili roho zitulie."

Akafungua. Kamba ilimchelewesha. Wote wakainama. Pamba, bomba, kichupa kimoja.

"Chupa iko moja," mtu akasema. "Ni ya mutoto mumoja. Umuchanje huyu."

Kaswera alikuwa tayari anafungua kanga, anamleta mtoto mbele, na matumaini yaliyokuwa usoni mwake Katungu hakuweza kuyatazama.

"Hapana," alisema. "Hii si chanjo. Ni dawa ya kichwa."

Wamama walirudi nyuma hatua moja, kana kwamba kichupa kitaruka.

"Ya kichwa ya nani?" Kaswera akauliza.

Macho yakageuka, moja baada ya jingine, kuelekea mlango wa Léoncie. Katungu aliyaona yakigeuka. Aliiona kamba ya mbuzi, na nguzo, na kifundo kile. Ilikuwa imebaki pumzi moja tu kabla ya mtu fulani kukumbuka kwamba huko nyuma binti wa nyumba hii hakuonekana muda mrefu.

"Ya miye," alisema.

Macho yakarudi.

"Ni miye mugonjwa. Siwezi kujidunga miye mwenyewe, na ku kazi bakijua batanifukuza. Mama Léoncie ni mukunga, anajua sindano. Ananisaidia. Kisanduku ninabeba ili musijue."

Alikuwa amesema uongo mzuri, uliokaa sawa pande zote, na aliona unavyoingia ndani yao. Uso wa Kaswera ulilegea. Wengine walitazama chini, kwa aibu. Ingeweza kuishia hapo, kama si Muzee Namegabe, ambaye alimtazama kwa makini, jinsi alivyotazama kiatu kabla ya kutaja bei, kisha akauliza kwa upole.

"Tangu wakati gani, mama?"

Katungu alifungua kinywa ili atunge. Alikuwa ameuliza swali hilo kwa wagonjwa wengi kuliko awezavyo kukumbuka. Lilikuwa la kwanza alilofundishwa. Yeye hakuna aliyewahi kumuuliza. Na kilichotoka hakikutungwa.

"Tangu shamba ya kakao, muzee. Kule kwetu, mbele ya Beni. Bwana yangu na mama yangu balienda kuvuna, miye nilibaki kupika. Balioenda kubatafuta balirudi na viatu tu." Akaona bado wanangoja. "Tangu ile siku ninalala na viatu mu miguu. Na kila jioni nikipika, ninasikia mama ananiita nimuletee chumvi. Najua amekufa. Ninajua bizuri. Lakini ninaamuka, ninapeleka chumvi mpaka ku mulango, ninasimama pale."

Hakuwa amelisema hilo kwa mtu yeyote, wala kwa padri. Alilisema mbele ya mlango wa watu, kisanduku kikiwa wazi miguuni, na alipomaliza alijihisi mwepesi na mwenye hofu kwa wakati mmoja. Alijua vizuri jinsi hali hiyo inavyoitwa vitabuni. Kama angekuja mtu mwingine na maneno hayohayo, angemvutia kiti.

"Pole, mama," mmoja akasema. "Pole sana," wakasema wengine, na walisema kwa kweli. Kaswera alianza kulia kimyakimya. Alimwambia neno kwa Kinande, lile ambalo wa kwao huambiana msibani.

Katungu akapangusa uso na kumwinamia mtoto. "Vipele vikishatoka, chanjo haina kazi tena," alisema. "Huyu anahitaji kutunzwa. Mupeleke ku kituo leo, ni bure. Ngoja nitazame kama macho—"

Alinyoosha mkono. Kaswera akarudi nyuma, akamgeuza mtoto upande wa pili.

"Hapana, mama," alisema, taratibu kabisa. "Weye pumuzika."

Mkono wa Katungu ulibaki hewani. Katika matusi yote aliyowahi kupewa kazini, na alikuwa ameshapewa mengi, hakuna lililomwingia kama upole ule. Ilibidi Muzee Namegabe aseme kwamba la kituo amelisema vizuri, hata kama ni mgonjwa. Ndipo mama mmoja akamshika Kaswera mkono wakaondoka naye kuelekea kituoni. Wengine wakawafuata. Walipopita mbele ya Katungu walipunguza sauti.

Ndani, Léoncie alikuwa amesimama katikati ya chumba. Umuhoza alikuwa amekwisha kujilaza ubavu kwenye mkeka, uso ukutani. Katungu alinawa, akavuta dawa, akaisukuma polepole kama inavyotakiwa. Kazi hiyo, angalau, ilikuwa bado yake.

Léoncie alimpa chai. Alimpa katika kikombe cha plastiki, kile cha wajukuu, na vikombe vya udongo vilikuwepo kwenye kabati, vile alivyonywea Katungu kila mwezi.

"Umetuokoa," Léoncie alisema. "Mungu akuone." Akakunja pindo la kitenge, akalikunjua. "Lakini ku harusi usikuye. Batu bataongea. Na hapa pia, kwa sasa. Bakikuona unaingia tena, batasema nyumba yangu inaishi na bichaa."

"Na sindano?"

"Tutaona."

Katungu aliijua "tutaona". Wagonjwa wake walirudi kwenye kamba kwa njia ya "tutaona". Aliweka kikombe chini, na hasira ikampanda, hasira ya miaka, kwa shirika, kwa Célestin, kwa mwanamke huyu aliyesimama mbele yake na usalama wake mpya. Alitaka kusema: mimi ndiye niliyebeba jina la kichaa badala ya binti yako. Lakini alimwona Léoncie ni mama mwenye woga, basi, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka.

"Nitaenda miye kwake," Umuhoza akasema.

Alikuwa ameketi, anarekebisha nguo yake. Mama yake akamgeukia. "Ku kituo? Batu batakuona."

"Banione. Nitasema naenda kutembelea mugonjwa." Alimtazama Katungu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Kutembelea mugonjwa si aibu. Kila mwezi nitamuletea chakula. Hata Paul nitamwambia anisindikize. Na siku nitakuwa tayari kumwambia ile ingine, tutakuwa tumeshafika pale."

Léoncie alifikiri. Ilionekana anapitisha jambo hilo mtaani, nyumba kwa nyumba, akisikiliza watakavyosema. Kumtembelea mgonjwa ni heshima. Hata mkwe angesifu. Mwishowe aliitikia kwa kichwa, akaenda jikoni, na wakamsikia akigusa masufuria bila sababu.

"Utakuya kweli?" Katungu akauliza.

"Nitakuya."

Aliamini, na papo hapo aliona wazi jinsi itakavyokuwa: kesho kutwa Célestin atakuwa amesikia, kile chumba cha kupimia watoto hatapewa tena, wenzake wataacha utani, jambo ambalo ni baya kuliko utani. Na siku ya harusi atakuwa Keshero, atasikia honi za msafara zikipita, atajua ni wao. Mara moja kwa mwezi binti mmoja mwenye afya atakuja na sahani iliyofunikwa, atakaa kwenye benchi, atasema mbele ya watu wote kwamba amekuja kumwona mgonjwa wake.

Alitoka. Kisanduku alikiacha pale, hakikuwa na kazi tena. Majirani walikuwa wamerudi kwenye kufua na kwenye majiko yao, na walifanya bidii wasimtazame. Muzee Namegabe peke yake alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake, amekwisha kuvua aproni.

"Nakusindikiza mpaka ku barabara," alisema. "Mawe hapa ni mabaya."

Akamshika kiwiko, jinsi anavyoshikwa mtu asiyeaminiwa miguu yake, na wakaanza kwenda. Katungu alizijua njia zile za Majengo jiwe kwa jiwe. Alikuwa amezipita mvua na jua, na mzigo begani. Angeweza kumwambia mzee arudi kwenye viatu vya watu. Lakini mkono ule ulikuwa wa joto, na mgumu kwa kazi, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alimgusa bila yeye kumgusa kwanza. Akapunguza mwendo, ili wachelewe kufika barabarani.